Kutoka Pugu hadi Mtaa wa Lumumba

Safari yangu ya Kariakoo niliianzia Pugu, vilimani, kilomita kama 20 kutoka sokoni. Wamisionari Wabenediktini kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walifika huku mwaka 1888, wakajenga misheni na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Januari 13, 1889, watu wa pwani, chini ya Abushiri bin Salim, wakiwa vitani dhidi ya Wajerumani, misheni ilivamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakatekwa. Niliwaombea marehemu hao. Niliwakumbuka pia watu wa pwani, waliowaona wahubiri na watawala wakiingia kwa wakati mmoja, kutoka nchi moja. Mkono wa msaada ukifuatana na bunduki, anayesaidiwa hawezi kuuamini.

Baadaye, hapohapo Pugu, wamisionari Wakatoliki walijenga shule, St. Francis' College, ambayo leo ni Sekondari ya Pugu. Julius Nyerere alifundisha hapa baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. Jina la Mwalimu alilibeba mpaka Ikulu.

Nikapanda daladala. Kufika Gongo la Mboto tulikuwa tumebanana, na konda bado anaita, "Sogeeni jamani, nyuma kweupe!" Tukaifuata Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu: uwanja wa ndege, Tazara, Kamata, kisha Kariakoo yenyewe, na mikokoteni na wamachinga wake.

Nilipita katikati ya maduka hadi Mtaa wa Lumumba. Hapa ndipo chama cha TANU kilipozaliwa Julai 7, 1954, na mwalimu yule wa Pugu akachaguliwa kuwa rais wake. Mwaka uliofuata ilimlazimu achague moja, ualimu au siasa. Akaacha kazi shuleni.

Waliompa ajira hawakukusudia kumlea mkombozi wa nchi. Hata hivyo, mchango mkubwa wa misheni ni huo wa kuwapa watu elimu, kisha wenyewe wakaamua waitumie wapi. Chakula na nguo huokoa maisha, navyo vinahitajika. Lakini ewe unayechangia kanisani, msikitini au kwenye shirika lolote, usiishie kwenye magunia ya unga. Msomeshe mtoto, halafu mwache achague njia yake.