Mtu wa Kumi

Nilihesabiwa mtu wa kumi katika sala ya Wayahudi, na mimi si Myahudi. Sikulazimishwa na mtu. Niliulizwa, nikaitikia. Hapa Kitengela wengi wananijua kwa kofia ndogo ninayovaa Jumamosi, lakini jambo hili sijawahi kulisema hadharani.

Nasali katika kusanyiko la Kimasihi. Tunakutana Jumamosi katika ukumbi wa kukodi upande wa Noonkopir. Yesu tunamwita Yeshua, Ijumaa jioni tunawasha mishumaa, tunapuliza pembe ya kondoo dume, na wanaume hujitanda taliti, ile shali yenye vishada kwenye pembe zake nne. Nilipoingia mara ya kwanza nilipewa kiti cha mbele na kipaza sauti nijitambulishe. Nikasikia Torati ikisomwa kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona katika kanisa nililokulia. Nilihisi nimefika kwetu, na hilo silijutii. Ninaloungama lilianza baadaye, nilipoanza kujiita Myahudi tu mbele za watu na kunyamazia yaliyobaki.

Nilikuwa fundi wa mabomba katika shamba la maua, barabara ya Isinya. Waridi haliwezi kuishi katika ukame wa Kajiado bila umwagiliaji wa matone. Kibutsi cha Hatzerim, kijiji cha ushirika huko Israeli, ndicho kilichoanzisha kampuni ya mabomba hayo mwaka 1965, na mtaalamu wetu alitoka nchi hiyo. Siku moja aliiona kofia yangu, akaniuliza kama mimi ni Myahudi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mimi ni wa wale wa Mbale. Nikatabasamu, sikukana, naye akachukulia kwamba nimekubali.

Wale wa Mbale, huko Uganda, ni Abayudaya. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha akachoshwa nao, aliamua kushika Torati, akatahiriwa yeye na wanawe. Wafuasi wake waliendelea hivyo mpaka Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao. Sinagogi zikafungwa, wengi wakahamia Uislamu na Ukristo, na mia chache waliobaki wakasali kwa siri. Mwaka 2002 mamia yao walisimama mbele ya marabi waliotoka ng'ambo ili waingizwe rasmi katika Uyahudi, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mwana wa jumuiya hiyo, alitawazwa rabi huko Marekani. Jina la watu hao nililichukua kwa tabasamu.

Kisha baba yake yule mtaalamu akafariki. Alisafiri kumzika, akakaa matanga ya siku saba kwao, akarudi kazini. Kwa desturi yao mtoto humsomea mzazi kadishi kwa miezi 11. Katika sala hiyo marehemu hatajwi wala kifo hakitajwi. Anayefiwa hulitukuza jina la Mungu, na waliosimama naye huitikia. Ndiyo maana haisomwi na mtu peke yake. Kwa wanaofuata desturi ya zamani, lazima wawepo wanaume kumi wa Kiyahudi waliotimiza miaka 13. Wakiwa tisa kila mmoja ataomba kwa nafsi yake, lakini kadishi haitasomwa.

Siku ya thelathini ya msiba aliwaalika wenzake wa Nairobi katika nyumba aliyokodi hapa Kitengela. Msongamano wa magari ulikuwa umeanzia Mlolongo. Mmoja akapiga simu kusema amekwama, hafiki. Walikuwa tisa. Yule mtaalamu, ambaye sasa alikuwa rafiki yangu, akakumbuka kwamba mimi naishi karibu.

Nilifika mbio, taliti mkononi. Mzee mmoja, mzaliwa wa Kenya anayekisema Kiswahili vizuri kuliko mimi, alinipokea mlangoni. Akaniuliza, "Wewe ni Myahudi, kijana?" Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Nikaingia, nikajitanda taliti. Mimi peke yangu. Sikujua kwamba sala ya usiku waumini wao huisali bila kuvaa taliti. Mzee aliniona, akanyamaza ili asiniaibishe. Kadishi ikasomwa. Rafiki yangu aliisoma akilia, nami nikaitikia "amina" kwa sauti kubwa pamoja na wengine.

Baada ya sala mzee aliketi kando yangu.

"Unasali wapi, kijana?"

"Hapa hapa Kitengela, mzee."

"Mnaomba kwa jina la nani?"

Nikamwambia. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Ungeniambia pale mlangoni ningekupa kiti ukae nasi. Mgeni hatumfukuzi. Lakini sasa nimemfanya huyu mtoto aamini kwamba amemsomea baba yake."

Nilimwomba rafiki yangu msamaha usiku ule ule. Alisema lililo lake amenisamehe, ila la baba yake hawezi kulisamehe kwa niaba yake. Tuliendelea kusalimiana kazini mpaka mkataba wake ukaisha. Habari za baba yake hakunisimulia tena.

Nimejiuliza kwa nini neno lile "ndiyo" lilinitoka kirahisi vile. Nilikuwa nimefundishwa kwamba anayemwamini Yeshua ni Myahudi wa rohoni, tena kuliko wao. Mtu akisha kuamini hivyo, uongo haumchomi. Katika makusanyiko yetu ya huku utasikia pia kwamba Wamaasai ni kabila lililopotea la Israeli. Dhana hiyo ina umri mkubwa. Moritz Merker, afisa wa Kijerumani aliyekaa Tanganyika, aliitoa katika kitabu chake cha mwaka 1904 alipodai kwamba Wamaasai na Waebrania wana asili moja. Wazee wa Kajiado ninaowajua wana Mungu wao, Enkai, na viongozi wao wa dini, loiboni, na hawajamwomba mtu awatafutie ukoo mwingine. Tunawapa watu asili wasiyoiomba, na wengine tunawanyang'anya waliyo nayo. Nililofanya mlangoni lilitoka kwenye mafundisho hayo hayo.

Wayahudi wa madhehebu yote makubwa wanasema imani kwamba Yesu ndiye Masihi iko nje ya dini yao. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua hivyo hivyo kuhusu waumini wa Kimasihi walioomba kuhamia huko kwa haki ya Uyahudi. Nilipousoma uamuzi huo nilikasirika. Sasa naelewa kinachowauma. Hispania iliwalazimisha kuchagua kubatizwa au kufukuzwa mwaka 1492, na babu zao wengi waliondoka. Mtu anayeingia kwao kwa siri na jina la Yesu mfukoni anawakumbusha chaguo hilo.

Wapo waliovuka kwa haki. Kasuku, karibu na Nyahururu, kuna wakulima Wakenya waliokuwa kundi la Kimasihi. Walipotambua kwamba wanachosali si Uyahudi, wakachagua: wakatoka, wakaanza kujifunza upya kwa Wayahudi wenyewe. Mimi sitachagua njia yao, kwa sababu namwamini Yesu na sitamwacha. Lakini nawaheshimu kuliko ninavyoiheshimu njia niliyoitumia mimi, ya kukaa pande mbili na kuuambia kila upande unachopenda kusikia.

Niliungama mbele ya kusanyiko langu. Baadhi waliniambia sikukosa, kwamba wale walipata baraka bila kujua. Nakataa. Mtu aliyefiwa hadanganywi kwa ajili ya baraka.

Ndugu wa makusanyiko ya Kimasihi wa Kitengela, Athi River na Kajiado, wengi wenu mnatamani kuiona sinagogi ya Nairobi, ile iliyo karibu na University Way, ambayo jiwe la msingi la jengo lake la kwanza liliwekwa mwaka 1912. Nendeni, lakini andikeni mapema kuomba nafasi. Msikasirike mkiombwa vitambulisho na mifuko ikipekuliwa: Hoteli ya Norfolk, iliyokuwa mali ya familia ya Kiyahudi, ililipuliwa tarehe 31 Desemba 1980, na hoteli ya Waisraeli kule Kikambala ikashambuliwa mwaka 2002. Siku ya Sabato zimeni simu na acheni noti za sadaka nyumbani, kwa kuwa siku hiyo hawashiki fedha. Taliti zenu pia ziacheni. Na katika barua hiyo ya kwanza, kabla ya salamu kuwa ndefu, andikeni kwamba ninyi ni Wakristo.