Kabla ya Kumhasi Sungura: Vipimo Gani Tulilipia

Hapa Kisangani sungura ni mboga kwanza, rafiki baadaye. Wengi wetu tunamfuga kwa sababu anakula majani, anazaa haraka, na siku mgeni akifika hatukimbii sokoni. Lakini katika nyumba nyingi kuna mmoja ambaye watoto wamempa jina, na mnyama mwenye jina haingii sufuriani bila kilio. Tunaandika juu ya huyo mwenye jina, kwa sababu mama watatu wametuuliza swali moja mwezi huu: munganga wa wanyama akisema sungura apimwe kabla ya kuhasiwa, tulipe au tukatae?

Kwetu Mangobo wapo wawili. Tuliuziwa kama dada wawili, na baada ya miezi michache mmoja akaonekana wazi kuwa dume. Watoto wanamwita Toleka, kama baiskeli zetu za kubeba watu, kwa maana hajui kupita mahali bila mbio. Jike anaitwa Pamba. Sungura jike hubeba mimba siku 31 hivi, na anaweza kupandwa tena siku ileile anayozaa. Pamba alizaa sita, kisha saba. Tulipowatenganisha, Toleka akawa anarusha mkojo kila upande wa kibanda na kung'ata mkono unaomletea majani. Sungura hapendi kuishi peke yake, na watoto waliomba kila jioni warudishwe pamoja. Ikabaki njia moja: kumhasi Toleka, yaani kumtoa mapumbu ili asizalishe tena.

Mwenye Toleka hasa ni mtoto wa dada yetu, msichana wa miaka tisa. Alivuka mto kutoka Lubunga mwaka 2023, wakati ugomvi wa Wambole na Walengola ulipowafukuza watu wengi majumbani mwao. Alifika na kikwembe kimoja na ndoo. Majuma ya kwanza aliongea na sungura kuliko alivyoongea nasi. Kwa hiyo swali la vipimo halikuwa la pesa tu. Mtoto huyu alikwisha kupoteza vitu vingi bila kuulizwa. Hatukutaka kumpeleka mnyama wake kwa munganga tukisema "Mungu akipenda", huku kukiwa na jambo ambalo tungeweza kulijua mapema.

Hata hivyo pesa ilikuwepo kwenye hesabu. Bei ya kipimo cha damu ilikaribia bei ya operesheni yenyewe. Mama mkwe aliposikia, alisema pesa hiyo ni mchele wa nyumba nzima, na sungura mwingine yupo sokoni. Hatukumjibu vibaya. Mshahara wa mwalimu tunaujua sisi wenyewe, na mama aliyelea watoto wanane ana haki ya kuuliza pesa inakwenda wapi.

Munganga wetu, aliyesomea Lubumbashi kwenye kitivo cha tiba ya mifugo, hakutusukuma. Alitueleza hatari ilipo. Sungura ni mgumu kulazwa kwa dawa ya usingizi kuliko mbwa au paka. Kule Uingereza, kati ya mwaka 2002 na 2004, waganga wa mifugo walihesabu wanyama waliopewa dawa hiyo, wakiwemo sungura zaidi ya 8,000. Sungura waliokuwa wazima walikufa kama 7 katika kila 1,000. Waliokuwa tayari wagonjwa walikufa kama 74 katika kila 1,000. Tofauti ni mara kumi. Na zaidi ya nusu ya sungura waliokufa, walikufa baada ya operesheni, si wakati wa kukatwa.

Tulizirudia namba hizo nyumbani usiku. Kipimo hakimponyi mnyama. Kazi yake ni kutuambia yumo katika elfu ipi: ile ya wazima au ile ya wagonjwa. Sungura ni mnyama anayewindwa, hivyo huficha ugonjwa mpaka siku za mwisho. Kumtazama tu na kusema "anakula vizuri" hakutoshi.

Tukarudi kwa munganga na swali moja, ambalo tunawaachia nanyi mama wenzetu: "Kipimo hiki kikitoka kibaya, tutafanya nini tofauti?" Kama jibu litaahirisha operesheni, litabadilisha dawa au litatufanya tuache kabisa, kipimo kina faida. Kama jibu lolote litatuacha palepale, pesa ibaki mfukoni. Tulipouliza hivyo, orodha ikajipanga yenyewe.

Cha kwanza ni mzani. Dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo, na kwa mnyama wa kilo mbili, kukosea nusu kilo ni kukosea robo nzima ya dawa. Tuliazima mzani wa jirani anayeuza maharagwe. Mtoto akaandika uzito kila Jumapili katika daftari la hesabu, kwa sababu sungura anayepungua juma hadi juma ana neno, hata kama anachezacheza.

Cha pili ni macho na mikono ya munganga. Alimsikiliza moyo na mapafu. Alitazama pua, kisha akageuza miguu ya mbele na kuangalia upande wa ndani, maana sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu na manyoya hugandana pale. Mapafu yenye ugonjwa na dawa ya usingizi havipatani. Alitazama meno, ambayo kwa sungura huota maisha yote. Yakipinda, mnyama hawezi kula vizuri, na sungura asiyekula baada ya operesheni yuko hatarini. Alituuliza pia rangi ya mkojo, akacheka tulipomwambia kwamba siku nyingine ni mwekundu. Majani mengine huupaka mkojo wa sungura rangi ya chungwa au nyekundu, na chokaa huufanya mzito na mweupe. Rangi peke yake si damu. Lakini ikiwa inaendelea, au mnyama anakojoa kwa shida, mwulizeni munganga.

Cha tatu ni kinyesi. Katika joto na unyevu wa kwetu, sungura wengi wana vijidudu vya koksidia ndani ya matumbo, na aina moja hukaa kwenye ini. Kipimo chake hakihitaji mashine kubwa, kinahitaji mikroskopi na mtu anayejua anachotafuta. Bei yake ilikuwa ndogo kabisa kati ya vyote. Jibu likiwa baya, mpango unabadilika mara moja: kutibu kwanza, kukata baadaye.

Cha nne ndicho kilichotuletea mabishano, yaani damu. Damu inaweza kuonyesha upungufu wa damu, sukari, na kazi ya figo kwa urea na kreatinini. Munganga alituambia wazi: kwa sungura mzee, wa miaka mitano na kuendelea, au anayekunywa maji kupita kiasi, au anayekonda bila sababu, au mwenye fizi nyeupe, asingekubali kukata bila damu. Kwa jike pia angefikiri zaidi, kwa kuwa operesheni yake hufungua tumbo na huchukua muda mrefu. Lakini Toleka alikuwa na mwaka mmoja hivi, uzito ulijulikana, mapafu safi, meno sawa.

Kulikuwa na jambo jingine. Maabara iliyo karibu nasi ni ya watu. Karatasi yake huandika pembeni kiasi cha kawaida cha binadamu, na damu ya sungura ina viwango vyake. Sisi walimu tunalielewa hilo upesi: ni kama kusahihisha mtihani wa jiografia kwa majibu ya hesabu. Tena sungura anayeshikwa kwa nguvu anaweza kurusha mateke mpaka akavunja uti wa mgongo wake, na hofu peke yake hupandisha sukari ya damu. Kama hakuna mtu wa kumshika vizuri na mwingine wa kuisoma karatasi, kipimo hicho kinaweza kuleta hatari bila kuleta jibu.

Basi tukaamua: mzani, uchunguzi wa munganga, kinyesi, damu tuliiacha, kwa sharti kwamba kikionekana kitu kibaya katika hivyo vitatu, tungeirudia hoja. Mama mkwe aliposikia kwamba tunalipia kinyesi, alicheka mpaka akashika mbavu.

Jibu la kinyesi lilitoka baya. Koksidia walikuwa wengi. Toleka huyu aliyekuwa anakimbia na kula alikuwa na ugonjwa ndani, na tungempeleka Jumamosi ileile, tungemlaza akiwa katika ile elfu ya pili. Munganga aliahirisha. Alitupa dawa ya jamii ya sulfa ya kuweka kwenye maji, kwa Toleka na Pamba wote wawili, akaagiza sakafu ya kibanda iinuliwe ili kinyesi kianguke chini, na majani yawekwe juu, yasikanyagwe. Baada ya majuma matatu kinyesi kilipimwa tena, kikawa safi. Daftari la mtoto lilionyesha amepanda kutoka kilo 1.9 hadi 2.2. Hoja ya damu haikuhitaji kurudi.

Kwa mtoto tulisema ukweli. Tulimwambia wengi hurudi, wachache hawarudi, na hatuwezi kuahidi. Aliuliza, "Toleka yumo katika wengi?" Tukamfungulia daftari lake, tukamwonyesha mstari unaopanda, tukasema hiyo ndiyo sababu tulisubiri. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama anaweza kumpelekea majani yake mwenyewe.

Alifanya vema kuuliza. Sisi mama tumezoea kwamba mtoto anayepasuliwa asile tangu usiku. Sungura si hivyo. Hawezi kutapika, na matumbo yake yakisimama anaweza kufa. Basi anakula mpaka karibu na saa ya operesheni, na anatakiwa kula tena upesi baada ya kuamka. Tulimweka kwenye kikapu chenye nguo kavu, na chupa za maji ya uvuguvugu zilizofungwa kitambaa pembeni, kwa kuwa sungura aliyelala hupoteza joto. Saa kumi na moja jioni alitafuna jani la matembele. Nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza sauti ile ya kutafuna, na mama mkwe ndiye aliyesema, "Mwongezeeni."

Tulimtenga na Pamba majuma sita, maana dume aliyehasiwa hubaki na mbegu kwa muda na bado anaweza kuzalisha. Sasa wanalala pamoja.

Jambo moja la mwisho, nalo ni zito. Baada ya operesheni, msimpe sungura dawa iliyobaki ya watoto. Amoksisilini au ampisilini ya kunywa, ambayo wengi wetu tunayo kabatini, huua vijidudu vizuri vya tumbo la sungura na inaweza kumuua yeye mwenyewe kwa siku chache. Dawa itoke kwa munganga wa wanyama tu.

Kwa vikundi vinavyofuga sungura wa kuuza, kipimo cha kinyesi kinawafaa hata kama hamna nia ya kuhasi. Tumekubaliana na mama wa Mangobo kupeleka pamoja, ili pikipiki iwe moja. Anayetaka kujiunga alete Jumanne asubuhi: kinyesi kibichi cha siku hiyo hiyo, kijiko kimoja, katika kichupa kikavu kilichofungwa, juu yake jina la mama na idadi ya sungura wake. Kama sungura ana jina, liandikwe pia. Watoto watataka kujua jibu ni la nani.