Ukuta ukiondoka, mzigo waenda wapi?

Siku hizi watu wengi wanaokaa katika nyumba za zamani wanatafuta nafasi. Nyumba zile zilijengwa kwa vyumba vidogo vidogo, na kati yake kuta nene za matofali ya kuchoma. Sasa watoto wamekuwa wakubwa, wageni ni wengi, na mtu anasema: «Tuvunje ukuta huu, tupate sebule moja pana.» Neno hilo si baya. Lakini kabla ya kushika nyundo yafaa kuuliza: ukuta huu unabeba nini? Na ukiisha kuondoka, nani ataupokea mzigo wake?

Jambo hilo lilifika kwetu, katika nyumba aliyotuachia baba hapa Bukavu. Kaka yangu mkubwa alitaka kufungua mita 4 katika ukuta wa kati. Kijana mmoja alikuwa tayari kuuangusha kwa siku 2. Kaka alisema: «Ukuta huu unatenga vyumba tu. Juu ni mabati, nayo ni mepesi.» Mimi seminarini nilijifunza Kilatini na filozofia, sikujifunza matofali. Lakini mama yetu hulala katika chumba kilicho nyuma ya ukuta ule, nami sikuweza kunyamaza. Nikamwambia: «Yaya, heri tungoje kidogo, tumwite mzee fundi.»

Mzee alipofika, alipanda kwanza darini na taa yake. Akaona kwamba ukuta haukomi kwenye dari: unapanda mpaka kilele cha paa, na mbao ndefu zinazoshika mabati zimelala juu yake. Akashuka, akaomba jembe, akachimba shimo kando ya ukuta. Msingi ulikuwa wa mawe na udongo, bila simenti, upana wake sentimeta 40. Chini yake ni udongo wa mfinyanzi, ambao hulainika wakati wa mvua.

Basi akatuhesabia. Matofali ya juu, pamoja na paa na dari, yalikuwa karibu kilo 3,400. Ukuta wa chini, karibu kilo 4,000. Mzigo huo wote ulienea juu ya msingi wa mita 4, hata kila mita ya mraba ya ardhi ilibeba kama tani 4 na nusu. Ukuta ukivunjwa, lazima kuweka boriti ya beto, nayo ina tani 1. Mzigo wa juu utakimbilia ncha zake mbili, kila nguzo itapokea tani 2 na zaidi, na nguzo yenyewe ina nusu tani. Nguzo ile ikisimama juu ya kipande cha msingi wa zamani, sentimeta 40 kwa 40, ardhi itakandamizwa kwa tani 17 hivi kila mita ya mraba.

Kaka akauliza: «Tumepunguza matofali, mbona ardhi inazidi kulemewa?» Mzee akajibu: «Lala juu ya matope, huzami sana. Simama kwa kisigino kimoja, utaona.»

Ndiyo sababu kila nguzo yataka msingi wake mpya. Kwetu ulikuwa wa beto yenye vyuma, sentimeta 80 kwa 80, unene 40. Hapo mzigo unarudi karibu tani 5 kwa mita ya mraba, yaani karibu na ule ambao ardhi iliuzoea. Hesabu hiyo ni ya nyumba yetu. Yako yataka hesabu yake.

Kazi ina utaratibu. Chimba upande mmoja, umalize, ndipo uchimbe wa pili, usije ukatoboa chini ya ukuta wote. Beto huhitaji siku 28 kupata nguvu inayotazamiwa. Siku za kwanza inyweshe maji. Kabla ya kuvunja, tegemeza paa na matofali ya juu kwa miti imara, na chini ya miti tandika mbao nene, kwani nayo huzama. Boriti ikiisha kukaa, jaza nafasi ya juu yake kwa simenti nzito, kisha legeza miti pole pole.

Tena huku kwetu ardhi hutikisika. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua kuta nyingi za Bukavu. Ukuta wa kati huisaidia nyumba isiyumbe. Kwa hiyo tulifunga boriti na nguzo kwa vyuma, na misingi miwili tukaiunganisha kwa boriti nyingine chini ya sakafu.

Gharama ya msingi ilipita mara nyingi ile ya kuvunja. Kaka alinuna juma zima. Mama ndiye aliyekata neno: «Nitalala kwa dada yenu mpaka beto ikomae. Kisha mtaniita.» Tukafanya hivyo. Mvua mbili zimepita. Mlango wake unafungika bila kukwaruza, na hakuna ufa ulioanza pembeni mwa boriti.

Basi, ndugu msomaji, akija kwako mtu mwenye nyundo, mwulize kwanza jembe lake liko wapi. Asiyetaka kuona msingi, usimpe ukuta.