Safari ya Kutoka Hanoi Mpaka Saigon

Tukiitazama ramani ya Vietnam twaona nchi ndefu, nyembamba, iliyojipinda kando ya bahari. Kaskazini uko mji mkuu, Hanoi. Kusini uko mji ambao tangu mwaka 1976 huitwa Ho Chi Minh, lakini wenyeji wengi hata leo huuita Saigon, nasi twawafuata. Ukivuta uzi ulionyoka toka mji huu mpaka ule, umbali wake ni kadiri ya kilometa 1,150.

Ndege huumaliza umbali huo kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Tulipanda katika kiwanja cha Noi Bai asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumeshuka Tan Son Nhat, kiwanja cha Saigon. Njiani hatukuona kitu ila mawingu. Hanoi tulivaa makoti, kwa maana kaskazini kuna majira ya baridi. Saigon tuliyabeba mkononi. Habari ya ndege imekwisha.

Kurudi tulichagua gari la moshi. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1936, wakati wa utawala wa Wafaransa, na urefu wake ni kilometa 1,726, kwa sababu huzifuata pwani na milima mahali ambapo ndege hukata tu. Safari hushika zaidi ya saa thelathini. Tuliondoka usiku, kulipokucha tukaona mashamba ya mpunga, na makaburi katikati ya mashamba, na watoto juu ya nyati. Baada ya Da Nang gari hupanda polepole mlima wa Hai Van, bahari ikiwa chini kabisa upande wa kulia, hata abiria wote wakahamia dirisha moja.

Jioni tukauvuka mto Ben Hai. Si mto mkubwa. Mwenye kusinzia hauoni. Lakini hapo, mwezi wa Julai 1954, mapatano ya Geneva yaliigawa nchi kwa muda. Watu walipewa siku 300 kuchagua upande. Karibu watu milioni walihamia kusini, walio wengi Wakatoliki, pengine parokia nzima pamoja na padre wao. Wengine wakaenda kaskazini. Uchaguzi wa kuiunganisha nchi uliahidiwa kufanyika mwaka 1956, basi wengi waliagana kama watu wanaoachana kwa miaka miwili. Uchaguzi haukufanyika. Vikaja vita, na mume akawa huku, mke kule, kwa miaka ishirini na zaidi.

Karibu na reli liko daraja la Hien Luong, lenye urefu wa mita 178. Siku zile lilikuwa na mstari katikati, na kila nusu ilipakwa rangi yake. Mtu mzima aweza kulivuka kwa dakika tatu. Mwaka 1967 lilivunjwa kwa mabomu. Lililopo leo limejengwa upya.

Vita vilikwisha Aprili 1975, na siku ya mwisho ya mwaka 1976 magari ya moshi yakaanza tena kwenda toka mwisho mmoja wa nchi mpaka mwingine.

Letu liliingia Hanoi alfajiri. Baridi ilikuwa kali, tukavaa makoti.