Darsa ya Kusimama Mjini Florence

Mji wa Florence, nchini Italia, umo bondeni baina ya vilima, na joto lake la mwezi wa Julai halina upepo wa bahari wa kulipunguza. Hata hivyo, kiangazi ndio msimu wafikapo wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi mbalimbali kwa darsa za historia ya sanaa. Mjini humo mna taasisi ya Wajerumani, Kunsthistorisches Institut, iliyoasisiwa mwaka 1897, yenye maktaba kubwa ya fani hii. Msomaji akifunga kitabu, hutembea kidogo tu akakifikia kitu chenyewe alichokuwa akikisoma.

Darsa hizi si mihadhara ya ukumbini. Mwanafunzi hupewa kitu kimoja, picha au sinia au mlango, akasimama mbele yake kukieleza, na wenziwe wamemzunguka wakimhoji. Sisi tuliosomea misikitini tuliitambua hali hiyo mara moja, ila hapa hapana mkeka.

Kundi moja tulilikuta katika makumbusho ya Uffizi, mbele ya picha aliyoichora Gentile da Fabriano mwaka 1423 kwa amri ya tajiri Palla Strozzi. (Suala la picha za viumbe lina mlango wake katika fiqhi, hatuufungui leo.) Ni picha ya Bibi Maryam na mwanawe, wakizuriwa na mamajusi. Kichwa chake kimezungukwa na duara la dhahabu, na ndani ya duara hilo mna herufi za Kiarabu! Au zaonekana kuwa ndizo. Alifu zimesimama, lamu zimesimama, na maua yamekata mwandiko vipande, kama ilivyo katika masinia ya shaba ya Misri na Sham ya enzi za Mamaluki, yaliyofika Italia kwa biashara. Lakini hausomeki. Mchoraji aliiga umbo tu.

Kulitambua hilo, mtoto wa chuoni Lamu hahitaji shahada. Atakwama neno la kwanza. Wengi wa waliosimama pale hawakuijua alifu wala be. Lakini kwa nini mchoraji Mkristo akampamba Bibi Maryam kwa mwandiko huo? Wako wasemao alidhani ndio wa zama za Nabii Isa. Wengine husema ni fahari ya vitu vya thamani vya mashariki. Mjadala huo mtoto wetu hauwezi kwa madrasa peke yake.

Binti akitaka kusomea fani hii, jawabu la nyumbani twalijua: "Nani atakuajiri?" Ni swali la haki, maana karo ni mzigo. Ila Mambrui kuna kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za kaure za China, na Siyu walikuwako wanakili wa misahafu walioipamba kwa mikono yao. Hivyo navyo vyataka mtu wa kusimama mbele yake.

Waombaji wa darsa hizi kwa kawaida hutakiwa barua ya mwalimu, muhtasari wa utafiti na orodha ya lugha wazijuazo. Katika orodha hiyo binti wa Pwani, akiwa hakuacha chuo njiani, ataandika Kiswahili, Kiingereza, na Kiarabu.