Mwamba wa Unyamwezi

Tabora, Jumapili 3 Septemba 2017
Redioni mchana: Korea Kaskazini imelipua bomu la nyuklia chini ya mlima, Punggye-ri, saa 12:30 asubuhi kwa saa zetu. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha. Hadi kituo cha mitetemo cha Kilimambogo, Kenya, ni zaidi ya kilomita 10,000, na wimbi la kwanza hupita tumboni mwa dunia kwa dakika 13 hivi. Miguu si wimbi: wapelelezi Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh hapa Novemba!

Jumatano 6 Septemba
Vienna, kwenye shirika la mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, wanasema ukubwa ni 6.1. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005 lilikuwa 6.8, kwa hiyo ukubwa si ushahidi wa bomu. Ushahidi uko kwenye umbo la mawimbi. Tetemeko ni miamba kuteleza: vituo vingine husukumwa kwanza, vingine huvutwa. Bomu husukuma pande zote. Halafu mawimbi marefu ya juujuu huwa hafifu ukiyapima na lile la kwanza. Dakika nane na nusu baada ya mlipuko wa Jumapili, mtetemo mwingine, 4.1: mlima uliporomoka kwa ndani.

Jumamosi 9 Septemba, Nzega
Bomu kubwa halifichiki. Linalonisumbua ni dogo, lililolipuliwa ndani ya pango: mwaka 1966 huko Mississippi Wamarekani walifanya hivyo kwenye chumvi, mtetemo ukapungua karibu mara 70. Kwa ukubwa huo unashindana na baruti za migodi. Nikamuuliza fundi wa baruti.
“Hatuwashi zote kwa mpigo, mwalimu. Tunaziachanisha kidogo, mwamba ukatike vizuri.”
Basi kule kuachanisha huonekana kwenye mchoro. Mjanja mwenye bomu dogo atasubiri siku ya baruti nyingi ajifiche humo, lakini itabidi naye aachanishe.

Jumanne 12 Septemba
Mwaka 1994 na 1995 vipimamitetemo 20 vilitegwa nchini, vingine Urambo na Puge. Vikaonyesha ganda la dunia huku lina unene wa kilomita 40 hivi, mwamba mkongwe usio na fujo za Bonde la Ufa. China ililipua mabomu Lop Nor mashine hizo zikiwa ardhini. Kisha zikang'olewa. Kituo chetu cha mkataba kiko Dar es Salaam, kinachuja hewa kutafuta mionzi. Kazi nzuri, ila masikio yangekaa huku.
Nimeona mahali pa kutega kipimamitetemo, nyuma ya Kwihara, karibu na Tabora: jiwe tupu, mbali na reli na miembe, maana upepo ukiyumbisha mti, mizizi hutikisa ardhi. Inatakiwa sola, betri mbili, mlinzi. Mlinzi ndiye ghali.