Barua niliyoikuta ndani ya kaye

Ninafundisha darasa la nne la sekondari hapa Beni. Mwaka huu nina msichana mmoja Mwislamu, wa miaka 16. Jina lake silitaji. Babu yake alitoka Kasongo, kule Maniema, ambako Waislamu wapo tangu zamani, lakini yeye alizaliwa hapa hapa. Kila akiingia na kitambaa chake cheupe kichwani, huko nyuma kuna anayenong'ona: «ADF huyo.» Wengine wanacheka. Mimi nilikuwa nasema tu «Nyamazeni», kisha naendelea na somo.

Siku moja nikisahihisha kazi nikakuta barua ndani ya kaye yake. Ilitoka kwa kijana wa darasa lile lile, mtoto wa katekista. Nilisoma mstari wa kwanza, «Mpenzi wangu», na sikungoja. Nikamwita mama yake siku ile ile.

Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, mikono bado inanuka samaki. Akasoma polepole mpaka mwisho.

— Madamu, umeisoma yote?

Sikuwa nimeisoma yote. Chini kijana aliandika: «Kesho kaa kwenye benchi yangu. Wakikucheka, wanicheke na mimi.»

— Mambo ya kijana nitasema na binti yangu mimi mwenyewe, akasema mama. Aolewe nje ya dini yetu sitaki, na tena hajapata diploma ya Serikali. Lakini analia nyumbani tangu mwezi wa kumi kwa sababu ya jina wanalomwita. Kwa hilo hukuniita.

Chuo cha ualimu kilinifundisha kupanga somo dakika kwa dakika. Jibu la mama huyo sikuwa nalo.

Kesho yake neno lile liliposikika, nilifunga kitabu. Niliuliza ni nani amefiwa na ndugu katika mauaji haya tangu 2014. Mikono mingi ikainuka. Wa kwake pia: mjomba wake aliuawa akitoka shambani. Nikawakumbusha shehe aliyepigwa risasi msikitini, hapa mjini, akisali katika Ramadani ya 2021, yeye aliyekuwa akiwakemea wauaji hadharani. Kumbe wengi hawakujua.

Sitasema kejeli zimekwisha. Juma lililopita nilipeleka wawili kwa prefe. Kijana nilimhamishia mbele, na wakati wa mtihani naona wanavyotafutana kwa macho. Kila Jumamosi nikienda kununua samaki, mama yake ananiuliza mtoto anaendeleaje. Namwambia habari za hesabu.